Kapuściński wa Stanleyville: Shahidi wa Hofu, Si Shahidi wa Mji

Jina la Kisangani limeingia katika maktaba za dunia kwa mikono ya Wapolandi wawili. Wa kwanza, Józef Teodor Konrad Korzeniowski, baharia ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Joseph Conrad, alifika Stanley Falls tarehe 1 Septemba 1890 akiwa ndani ya meli ya mvuke Roi des Belges. Wa pili, Ryszard Kapuściński, aliingia mwanzoni mwa 1961, mji ukiitwa Stanleyville, kwa gari lililotokea upande wa Sudan. Wote wawili walikaa muda mfupi, na wote wawili waliacha maandishi yanayosomwa mbali kuliko neno lolote lililoandikwa na mzaliwa wa Boyoma, kama wenyeji wanavyouita mji huu. Kuhusu Conrad mjadala wetu ulianza zamani, hasa baada ya mhadhara wa Chinua Achebe wa mwaka 1975 juu ya Heart of Darkness, hadithi ya Conrad ya Kongo. Kuhusu Kapuściński tumenyamaza, tukawaachia Wazungu wenyewe wagombane. Na wamegombana kweli: tangu mwaka 2010, Artur Domosławski alipochapisha wasifu wake, wasomaji wa Poland wamegawanyika kati ya wanaomwita mwongo aliyejifanya mwandishi wa habari na wanaomwita msanii asiyepaswa kupimwa kwa rula ya karani. Ninadai kwamba ugomvi huo haumsaidii msomaji wa Tshopo, mkoa wa Kisangani. Kapuściński ni shahidi wa kuaminika wa jambo moja, yaani hofu ya mgeni aliyekwama. Ni shahidi dhaifu wa maisha ya wenyeji. Na udhaifu huo haukugunduliwa mapema kwa sababu watu aliowaandika hawakuwa na njia ya kumjibu.

Tuanze na maisha yake, maana yanaeleza mengi. Alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 mjini Pińsk, wakati huo ndani ya Poland, leo ndani ya Belarus. Mwaka 1939 jeshi la Kisovieti liliingia mji huo, na utoto wake ukawa wa njaa, vita na kuhamahama. Alisoma historia katika Chuo Kikuu cha Warszawa, akaingia gazeti la vijana Sztandar Młodych, na mwaka 1955 akaandika makala juu ya Nowa Huta, mji wa kiwanda cha chuma uliokuwa fahari ya chama tawala. Alieleza maisha ya kweli ya wafanyakazi, akaingia matatani, kisha serikali ikabadili msimamo na kumpa nishani. Somo hilo hakulisahau: mtawala huyohuyo anaweza kukuadhibu kwa ukweli wako na kukutuza kwa ukweli uleule, kulingana na upepo. Mwaka 1956 alitumwa India, baadaye Ghana ya Nkrumah, na mwaka 1962 shirika la habari la Poland, PAP, likamfanya mwakilishi wake wa Afrika, makao yakiwa Dar es Salaam. Kampala wakati wa uhuru wa Uganda, Oktoba 1962, malaria ilimpanda kichwani. Dar es Salaam akaugua kifua kikuu. Januari 1964 akawahi mapinduzi ya Zanzibar. Baadaye alikwenda Nigeria, Amerika ya Kusini, Angola ya 1975 na Iran. Vitabu vilivyompa jina ni Cesarz cha 1978 juu ya Haile Selassie, Szachinszach cha 1982 juu ya Shah wa Iran, Imperium cha 1993 juu ya Umoja wa Kisovieti, na Heban cha 1998 juu ya Afrika. Alifariki Warszawa tarehe 23 Januari 2007.

Katika kazi hiyo ya nusu karne kulikuwa na kalamu mbili, na asiyezitenganisha hatamwelewa. Kalamu ya kwanza ilikuwa ya simu za maandishi: habari fupi, kavu, zilizolipiwa kwa kila neno na shirika lisilo na fedha nyingi za kigeni, na ambazo nyingine hazikuchapishwa hata gazetini bali zilisomwa na wakubwa wa chama peke yao. Kalamu ya pili ilikuwa ya vitabu, ambavyo aliviandika baadaye, mezani kwake, akitumia yale ambayo simu haikuyabeba: harufu, joto, woga, uso wa askari kwenye kizuizi cha barabara. Kongo ilipita katika kalamu zote mbili. Ilitokea kitabuni mara ya kwanza mwaka 1963, katika Czarne gwiazdy, mkusanyiko unaowaweka pamoja Nkrumah wa Ghana na Lumumba wa Kongo. Ikarudi mwaka 1978 katika Wojna futbolowa, ambamo visa vya Stanleyville vimekaa pamoja na vita vya Honduras na El Salvador vya 1969. Kati ya tukio na kitabu hicho cha pili kuna miaka 17. Mtu anayesimulia baada ya muda huo hasemi uongo kwa lazima, lakini kumbukumbu yake imekwisha kupitia mikono ya fundi, na fundi huyu alikuwa hodari mno.

Stanleyville aliyoiendea ilikuwa katika hali isiyo ya kawaida. Patrice Lumumba, waziri mkuu aliyeondolewa madarakani, alikamatwa mwanzoni mwa Desemba 1960 akijaribu kufika huku, kwenye ngome yake ya kisiasa. Antoine Gizenga, naibu wake, alikwisha tangulia, na mwezi huohuo akatangaza kwamba serikali halali ya Kongo iko Stanleyville, wala si Léopoldville, huku Jenerali Victor Lundula akiongoza jeshi lake. Nchi za kambi ya kisoshalisti na baadhi ya nchi za Afrika na Kiarabu zikaitambua, lakini kuitambua ni jambo moja na kuifikia ni jingine, kwa sababu njia ya mto na ya anga kutoka magharibi ilishikwa na mahasimu. Mobutu, mkuu wa jeshi la Léopoldville, alikuwa amewafukuza wanadiplomasia wa Kisovieti na wa Chekoslovakia tangu Septemba 1960, na mwandishi wa Poland hakuweza kushuka Léopoldville akaonyesha pasipoti yake. Kwa hiyo Kapuściński, pamoja na wenzake kutoka Chekoslovakia, alipitia Cairo, Khartoum na Juba, kisha akaingia kwa barabara. Walikuwamo mjini habari za kifo cha Lumumba zilipotangazwa rasmi katikati ya Februari 1961, ingawa mwenyewe alikwisha kuuawa Katanga tangu tarehe 17 Januari. Kuanzia saa hiyo mzungu yeyote barabarani alionekana Mbelgiji, na Mbelgiji yeyote alionekana muuaji. Mwishowe ndege ya Umoja wa Mataifa ikawatoa hadi Usumbura, ambako askari wa miavuli wa Kibelgiji waliwashikilia uwanjani kabla ya kuachiwa waende Ulaya.

Juu ya siku hizo Kapuściński ameandika kurasa nzuri, na mtu wa haki hana budi kukiri hivyo. Anajua kueleza jinsi hofu inavyofupisha dunia: hoteli inageuka kisiwa, redio inakuwa pumzi, hatua za mtu kwenye ngazi zinachambuliwa kama hukumu. Hajifanyi shujaa kila mahali. Anaeleza jinsi rangi ya ngozi, ambayo siku zote ilimfungulia mzungu milango, ilivyogeuka kuwa hatia isiyo na utetezi, na anakiri kwamba hali hiyo ndiyo Waafrika waliyoishi chini ya ukoloni kila siku. Hapa ushahidi wake ni imara, kwa sababu anashuhudia nafsi yake. Hakuna mwenyeji anayeweza kumwambia kwamba hakuogopa. Na hofu ya mgeni nayo ni sehemu ya historia ya mji: inaeleza kwa nini wafanyabiashara walifunga maduka, kwa nini walimu na waganga wa kigeni waliondoka, na kwa nini picha ya Stanleyville iliyofika ng'ambo ikawa picha ya mtutu wa bunduki peke yake.

Lakini hofu ina tabia ya kuziba macho, na wazee wetu walikwisha sema kwamba mgeni ni kipofu ingawa ana macho. Katika Februari ileile iliyomtisha Kapuściński, watu waliopigwa risasi Stanleyville kulipiza kisasi cha Lumumba, wale ambao historia imewaandika kwa majina, walikuwa Wakongomani. Tarehe 20 Februari 1961 waliuawa wafungwa 15, miongoni mwao Alphonse Songolo, aliyekuwa waziri wa Lumumba kabla ya kutengana naye, na Gilbert Pongo, afisa aliyehusika na kumkamata Lumumba. Huo ulikuwa ugomvi wa ndani wenye sababu, kambi na hesabu zake: nani alimfuata nani, kabila gani lilishika idara gani, mshahara wa askari ulitoka wapi. Ugomvi huo ndio uliofungua njia ya uasi wa Simba, walioutwaa mji Agosti 1964. Msomaji wa kurasa za Kapuściński anaona ghasia. Haoni hoja za wenye ghasia. Mgeni aliyejificha hotelini hakuweza kuziona, na hilo halimpi lawama yoyote. Lawama inaanza pale kurasa za hoteli zinapopokelewa kama maelezo ya mji.

Mji wenyewe ulikuwa na kalamu zake kabla ya kumwona yeye. Lumumba, kijana wa Onalua wa mwaka 1925, alijenga jina lake Stanleyville kama karani wa posta na mwandishi. Alihariri L'Écho postal, jarida la chama cha wafanyakazi wenyeji wa posta, akapeleka makala katika La Voix du Congolais, na alipofungwa mwaka 1956 kwa kosa la fedha za posta aliandika mswada mzima juu ya hatima ya Kongo, uliochapishwa Brussels baada ya kifo chake. Oktoba 1959 mkutano wa chama chake cha MNC katika mji huu uliishia kwa umwagaji damu, naye akahukumiwa miezi sita Januari 1960 kabla ya kutolewa na kupelekwa Brussels kwenye meza ya mazungumzo. Kwa hiyo Lumumba aliyependwa Boyoma hakuwa sauti tu kutoka jukwaani; alikuwa mtu ambaye watu walisoma barua na makala zake kwa miaka mingi, wakamjua kazini, mahakamani na gerezani. Kapuściński alimchora kutokana na maneno ya watu vilabuni na barabarani, na kwa ustadi. Alipata mwangwi wa Lumumba msemaji, akamkosa Lumumba mwandishi, mwenzake wa kazi.

Hapo ndipo kisa cha urafiki uliodaiwa kati ya Kapuściński na Lumumba kinapopata uzito. Jalada la toleo la Kiingereza la kitabu chake lilidai kwamba mwandishi huyu alifanya urafiki na Che Guevara, Salvador Allende na Patrice Lumumba. Domosławski alipochunguza hakupata ushahidi wa urafiki huo. Kwa upande wa Lumumba hata uchunguzi hauhitajiki, kalenda inatosha. Tangu mwanzo wa Desemba 1960 Lumumba alikuwa mikononi mwa askari wa Mobutu, akafungwa Thysville, akapakiwa ndege kwenda Katanga, akauawa siku hiyohiyo. Mwandishi aliyefika Stanleyville mwanzoni mwa 1961 hakuweza kukutana naye huko. Inawezekana kwamba maneno ya jalada yalitungwa na mchapishaji. Hata hivyo mwenye kitabu aliyaacha yasomwe kwa miaka mingi bila kuyakanusha kwa sauti. Mtu wa Kisangani angeligundua kosa hilo kwa kusoma mara moja. Ila kitabu kilitoka kwa Kipolandi, kikaenda kwa Kiingereza, kikasifiwa London na New York, na katika safari yote hiyo hakikupita mikononi mwa mtu aliyeziona siku zile kwa macho yake.

Kosa moja halitoshi kumhukumu mwandishi, kwa hiyo inafaa kutazama kama lina ndugu. Linao, na wengine wako karibu nasi. Katika Heban anasimulia kwamba samaki wakubwa wa Ziwa Victoria walinenepa kwa kula miili ya watu waliouawa na utawala wa Idi Amin. Mvuvi wa Mwanza, Kisumu au Jinja anajua kwamba samaki hao ni sangara, waliopandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, kabla Amin hajatawala, wakanenepa kwa kula furu na samaki wengine wadogo. Katika Cesarz, watumishi wa ikulu ya Addis Ababa wanazungumza bila majina kamili, kwa herufi tu, wote kwa lafudhi moja ya adabu iliyopitiliza, na Haile Selassie anaonekana mtu asiyesoma. Harold Marcus, mwanahistoria wa Ethiopia, aliandika mwaka 1990 kuonyesha jinsi picha hiyo isivyolingana na mfalme aliyejulikana kwa kusoma. Mwaka 2001 John Ryle, aliyeifahamu Afrika ya Mashariki kwa utafiti, alikipitia Heban na kukuta makosa mengi ya aina hiyo. Ukiyapanga pamoja unaona mwelekeo: kila ukweli unapopindwa, unapindwa kuelekea kwenye ajabu na kitisho, na hakuna mahali ambapo Afrika inatoka katika upotoshaji ikiwa ya kawaida zaidi kuliko ilivyo.

Mfano mwingine ni wa wazo, na kwa msomaji wa mtoni ndio unaofundisha zaidi. Heban kinafunguka kwa onyo zuri kwamba bara hili ni kubwa mno kuelezeka, na kwamba neno Afrika ni la kurahisisha tu. Kisha kurasa zinazofuata zinatuambia namna Mwafrika anavyofikiri kuhusu muda. Ushahidi ni basi la Ghana linalokwenda Kumasi: haliondoki kwa saa, linaondoka likijaa, na kutokana na hilo mwandishi anajenga falsafa nzima ya watu wanaouumba muda kwa matendo yao. Yeyote aliyesubiri bandarini Kisangani boti ya mbao, baleinière kama tunavyoiita, iteremke kwenda Isangi, Lokutu na vijiji vinavyoihudumia Yahuma, anaijua hali hiyo, ila anajua pia sababu yake. Mafuta yananunuliwa kwa nauli na kwa mizigo iliyopakiwa. Hakuna benki ya kumkopesha mwenye boti, hakuna ruzuku, na boti ikiondoka nusu tupu mwenyewe atakwama njiani bila dizeli. Kusubiri ni hesabu ya fedha. Mwenye boti huyohuyo hachelewi dakika moja kung'oa nanga ikiwa maji ya mto yanapungua na mafungu ya mchanga yanaanza kuonekana. Kapuściński alikiona kitendo kwa usahihi kabisa, akakosa kuuliza bei ya mafuta. Na pengo lile akalijaza kwa falsafa.

Watetezi wake wana majibu, na majibu hayo yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba ripoti ya Kipolandi ni sanaa yenye mila yake, inayoruhusu kuunganisha watu, kupanga upya matukio na kutafuta ukweli wa ndani kuliko ukweli wa tarehe. Pamoja na hilo wanaongeza udhibiti: katika Poland ya chama kimoja mtu hakuweza kuandika juu ya baraza la mawaziri la Warszawa, lakini aliweza kuandika juu ya baraza la mfalme wa Addis Ababa, na kila msomaji wa Cesarz mwaka 1978 alielewa nani anasemwa. Hoja hii ni ya kweli na inamheshimisha kama msanii. Ila inathibitisha kile ambacho msomaji wa Kiafrika anashuku. Ikiwa Ethiopia ilikuwa vazi la kuifichia Poland, basi kitabu ni cha Poland, na Ethiopia ilikopeshwa bila kuulizwa. Hakuna ubaya mtunzi kuazima nchi. Shakespeare aliiazima Denmark. Lakini Shakespeare hakuuza tamthilia yake kama habari kutoka Denmark. Kapuściński alipokea heshima zote mbili, ya mtunzi aliye huru na ya ripota aliyekuwapo, na heshima ya pili ndiyo iliyowafanya wasomaji wa ng'ambo waamini yale ambayo wangeyatilia shaka katika riwaya.

Jibu la pili ni zito zaidi: alikuwa upande wetu. Wakati magazeti makubwa ya Ulaya yaliiona Kongo kupitia hasara za kampuni za migodi, yeye aliandika kwa huruma juu ya Lumumba, akauchukia ukoloni, akalala katika vyumba vya maskini na kutibiwa katika hospitali zao. Alipenda kuwakumbusha Waafrika kwamba Poland haikuwa na makoloni, bali yenyewe ilitawaliwa na majirani zake kwa zaidi ya karne moja. Haya ni kweli, na yanamtofautisha na wengi wa zama zake. Hata tuhuma zilizochapishwa mwaka 2007 na toleo la Poland la Newsweek, kwamba aliwahi kushirikiana na idara ya ujasusi ya nchi yake, hazifuti huruma hiyo. Ni vigumu kumhukumu mtu aliyehitaji kibali cha serikali kwa kila safari. Lakini undugu wa walioonewa una mtego wake. Mtu anayeamini kwamba tayari anakujua kwa sababu mliteswa sawa haoni haja ya kukuuliza. Conrad naye alikuwa mtoto wa wazalendo wa Poland waliohamishwa kwa nguvu na Urusi. Aliona ukatili wa dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji na kuuchukia. Na bado kituo cha ndani alichokichora hakina mtu wa kuzungumza naye. Huruma ilimfikisha kila mmoja wao hadi mlangoni, lakini kubisha hodi kulihitaji lugha na muda, vitu ambavyo safari zao hazikuwapa.

Jibu la tatu ni kali: je, wenyeji wenyewe hawapambi? Wanapamba. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, Tippu Tip, aliyefanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, yakachapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Humo biashara na vita vinasimuliwa kwa fahari ya mshindi, na machozi ya waliotekwa hayasikiki. Lakini angalia kinachotokea ukiweka kitabu hicho kando ya hadithi ya Conrad. Mwaka 1890 Stanley Falls ilikuwa na Waungwana, mashamba, misafara ya pembe na mamlaka ya Waarabu na Waswahili ambayo dola ya Leopold haikuyavunja hadi vita vya 1892 hadi 1894. Conrad alipita katikati ya ulimwengu huo, na kwenye kituo chake cha mwisho haupo. Tippu Tip anauonyesha ulimwengu huo na kuficha gharama yake. Conrad anaonyesha ukatili wa Wazungu na kuwafuta watu wengine. Kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Kadhalika Lubumbashi ina historia iliyoandikwa kwa Kiswahili mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, na mwandishi yeyote wa nje anayeuandika mji ule leo hana budi kukabiliana nayo. Faida ya sauti ya mwenyeji haitokani na usafi wake. Inatokana na kwamba shahidi wa pili akiwapo, wa kwanza hawezi tena kusema apendavyo.

Kwa kipimo hiki tunaweza sasa kuusoma ugomvi wa Warszawa kwa macho yetu. Mjane wa Kapuściński alikwenda mahakamani kuzuia kitabu cha Domosławski kisitoke, akashindwa. Timothy Garton Ash akaandika kwamba mpaka kati ya habari na hadithi lazima ulindwe. Neal Ascherson akamtetea rafiki yake. Wote walijadili deni la mwandishi kwa msomaji wake. Deni kwa anayeandikwa lilitajwa kidogo. Lakini hilo ndilo linaloeleza kwa nini makosa yale yalidumu miaka mingi. Kosa dogo juu ya Kraków lingepata barua za wasomaji wiki inayofuata, kwa sababu wa Kraków wanasoma Kipolandi. Hata Imperium, kitabu cha Urusi, kilipata wakosoaji waliokisoma wakiwa wenye nyumba. Kosa juu ya Stanleyville halikupata mtu, kwa kuwa mwaka 1963 hakukuwa na njia iliyokitoa kitabu duka la Warszawa hadi mtaa wa Mangobo, na hata kingefika kisingesomeka. Tabia ya mwandishi ilikuwa moja kila mahali. Kilichotofautiana ni uwezo wa watu kumsahihisha.

Yahuma inaonyesha jambo hili kwa namna iliyo wazi zaidi kuliko Kisangani. Kisangani iliandikwa vibaya, lakini iliandikwa: na Conrad, na Kapuściński, na V. S. Naipaul aliyeifanya mji wa riwaya yake ya 1979. Yahuma, misitu iliyo kusini ya mto na magharibi ya Isangi, meli ilipita mbali nayo na ndege ikaruka juu yake. Hata hivyo historia kubwa ilifika huko. Kampuni ya Lever ilipata eneo lake la michikichi mwaka 1911, na Elisabetha, Lokutu ya leo, ikawa kitovu cha kazi, kodi na migogoro ya ardhi iliyoenea hadi kwa watu wa Yahuma na haijaisha. Uasi wa 1964 na vita vya miaka ya 1990 na 2000 vilipita katika mkoa huuhuu. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani na kuua mamia ya raia. Mwandishi anayefuata palipo na hoteli na uwanja wa ndege angeikuta sehemu ya mwisho tu ya habari hizo. Sehemu ya kwanza ingehitaji mtu wa kukaa, kujua nani alipewa shamba la nani, na kurudi kuwasomea aliowaandika yale aliyoyaandika.

Kwa hiyo Kapuściński asomwe Tshopo, tena asomwe shuleni na katika Chuo Kikuu cha Kisangani, lakini asomwe kwa mpangilio. Kurasa zake za hoteli na vizuizi zisomwe kama ushahidi wa hali ya mzungu aliyekwama katika Februari ya 1961, na hapo hana mpinzani. Sentensi zake zinazoanza na Mwafrika ziulizwe swali la bei ya mafuta: ni sababu gani ya kawaida ambayo mwandishi hakuiuliza? Pembeni yake ziwekwe makala za Lumumba karani wa posta, kitabu cha Tippu Tip, na simulizi za wazee wa Boyoma na Yahuma ambazo hazijaandikwa bado. Anayemtupa Kapuściński kwa sababu alikosea anajinyima mwandishi bora kuliko wengi waliosema ukweli mkavu. Anayempokea mzimamzima anakubali kwamba mji wake uendelee kusimuliwa na mpita njia. Tukimsoma na huku tukimjibu, kwa Kiswahili, kwa Lingala na kwa Kifaransa, tutampa kitu ambacho katika maisha yake yote ya uandishi Afrika ilimpa mara chache: msomaji aliyekuwapo.